Misumari ya Bi Tufaha

Wanaume wa Mtundulu hatujawahi kushindwa na kazi ya mikono, na mimi nikisimulia jambo sifichi jina la mtu, hata awe wa tumbo moja na mimi. Ndivyo nilivyomwambia Bi Tufaha, mwenye duka wa Tabora, asubuhi ile aliposhuka kwenye gari lake mbele ya shule yetu, akajifunika vizuri ushungi kwa sababu ya vumbi, akauliza darasa liko wapi. Hakuuliza shule. Aliuliza darasa, kama mtu aliyekuja kumwona mtoto aliyepewa jina lake.

Nikamtolea kiti ofisini kwa mwalimu, nikakiweka kwenye kivuli cha ukuta wa darasa lenyewe, chini ya dirisha lililozibwa kwa mbao. Mlango ulikuwa na kufuli. Nikamwambia mwenye ufunguo atafika tu, tuzungumze kwanza. Basi nikamsimulia, na wewe nakusimulia vilevile.

Kaka yangu anaitwa Tobia, mkewe Rustika, binti yao Stela. Wazee wetu walitoka Burundi wakapewa mashamba huku Ulyankulu kabla sisi hatujazaliwa. Uraia tumepata, lafudhi tumebaki nayo. Tunalima tumbaku. Jumapili tunasali, Jumatatu tunadaiwa.

Mwaka jana, masika yakielekea mwisho, ukuta wa darasa la udongo ulilala chini watoto wakiwa mapumziko. Hakuumia mtu. Mwalimu mkuu, Masolwa, akaita mkutano akasema kama Januari itafika hakuna chumba, darasa la saba watahamishiwa shule ya ng'ambo ya mbuga. Sasa mbuga yetu ikijaa maji, hata ng'ombe husimama kwanza akafikiri. Kila mzazi alijua mambo yatakavyokwenda: mtoto wa kike atavuka wiki ya kwanza, wiki ya pili ataambiwa apumzike, na baada ya hapo watu wataanza kuuliza amekua kiasi gani.

Stela alikuwa darasa la sita. Jioni alikuwa akifanya hesabu kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, na mama yake, ambaye hata jina lake huliandika kwa kuhema, alikataza mtu yeyote kuufuta mlango ule. Tobia aliuona, akasema, "Mbuga ikijaa abaki hapa. Kuna majani ya tumbaku ya kupanga kwa madaraja. Mikono midogo inapanga vizuri."

Rustika alihesabu miezi iliyobaki kufika Januari, akatoka nje.

Kwenye mkutano ule wanaume tulisimama mmoja mmoja. "Matofali?" alisema Tobia. "Hiyo kazi ya kuamkia tu. Wanawake nyinyi pikeni, tuachieni udongo." Tukapiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Siku ya kazi ilipofika, waliokuwepo kisimani ni wanawake na mbuzi wa Mzee Reveriani. Sisi tulikuwa na udhuru. Mmoja mgongo. Mwingine msiba Kaliua. Mwingine msiba huohuo wa Kaliua, ingawa marehemu hakumjua.

"Mama Stela, tuwangoje?" aliuliza Kulwa. Huyu ni jirani yetu Msukuma, ana kicheko kinachofika barabara kuu kabla yake.

"Tukiwangoja, Stela ataolewa tukiwa tumekaa hapahapa."

Kwetu tuna kazi ya kusaidiana, tunaiita ikibiri. Leo tunakwenda kwako, kesho kwangu. Aliyeita watu humimina pombe ya mtama, na kazi iliyofanyika siku ile huwa ni yake aliyemimina. Sheria yenyewe ndiyo hiyo. Hakuna aliyeiandika na hakuna anayeibishia. Akina mama hawakuwa na mtama wa kuchezea. Waliwasha moto wakapika uji wa chumvi, wakaingia kukanyaga udongo.

"Kwa hiyo ikibiri hii ni ya nani?" Kulwa akauliza, matope yamemfika magotini.

"Ya watoto."

"Watoto hawamimini pombe, shoga."

"Ndiyo maana tunakunywa uji. Kanyaga."

Walifyatua matofali kiangazi kizima. Waliokuwa na watoto wachanga waliwalaza kwenye kanga chini ya kichaka, wakaenda kuwanyonyesha mikono ikiwa imeinuliwa juu kama watu waliotekwa, wasiwapake tope. Siku moja pikipiki ilikatiza karibu mno, ikakanyaga mstari mzima wa matofali mabichi, na mwenyewe akapiga honi akicheka: "Mafundi! Hilo kasri litaisha wajukuu wakiwa na mvi?" Rustika aliokota yale yaliyovunjika, akayarudisha kwenye maji yaanze upya. Kulwa alimtukana mwenye pikipiki kwa Kisukuma, na Kisukuma cha matusi hakihitaji mkalimani.

Wakachoma tanuri. Fundi Lugembe akawapangia mistari miwili ya chini, akawaonyesha uzi unavyovutwa, mengine wakapanga wenyewe. Ukuta wa upande wa mashariki una tumbo kidogo. Lakini umesimama. Kufikia Oktoba ulikuwa umepita lenta ya madirisha, na serikali ilikuwa imesema wananchi wafikishe hapo, yenyewe itamalizia.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Urambo. Matofali yale yalikuwa yameunganishwa kwa udongo, si saruji. Mvua mbili kubwa bila paa, udongo huo ungeoshwa, ukuta ulale chini.

*

Rustika akaenda Tabora kutafuta mabati. Hapa nilimwambia Bi Tufaha: "Sehemu hii unaijua, lakini nikuambie ilivyoonekana kutoka upande wa pili wa kaunta."

Aliingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Ng'ambo akiwa amevaa viatu vya kanisani, na kifuko cha karanga mkononi kwa ajili ya mwenye duka. Muntasir, mwanawe Bi Tufaha, alikuwa kwenye simu. Aliziangalia karanga, akaviangalia viatu, akasema bila kuishusha simu, "Mama, wanaoomba tunawapa Ijumaa."

"Sikuja kuomba, mwanangu. Nimekuja kukopa bati."

"Wote husema hivyo ikiwa si Ijumaa."

Wateja wawili wakacheka. Mmoja akasogeza mfuko wake wa saruji, asije mama huyo akaukalia. Rustika akasimama palepale, kifuko bado mkononi, mpaka Bi Tufaha akatokea nyuma ya mapipa ya rangi.

"Muntasir, ulimi huo umeutoa wapi? Njoo, mama."

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Bati za nini?"

"Za darasa."

"La kanisani kwenu?"

"La serikali."

"Serikali imeishiwa bati?"

"Imesema itamalizia."

"Itamalizia lini?"

"Hilo hawakulisema."

Bi Tufaha alicheka, tena si kwa dharau. Bati za mkopo alikataa, alishaumizwa na wengi. Lakini alichukua boksi zima la misumari ya bati, ile yenye kofia pana na mpira, akamsukumia. "Hii nimetoa. Ukiipigilia haing'oki, hata upepo wa namna gani. Nitakuja kuiona kwa macho yangu."

Rustika akaacha karanga juu ya kaunta, akarudi Mtundulu na misumari isiyo na paa.

*

Tobia alicheka mpaka akakaa chini. "Nyundo unayo, misumari unayo. Sasa unagongelea mawingu?"

Rustika alikuwa anatazama upande wa shamba. Kule kuna bani letu, kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku, na juu yake mabati yasiyo na hata kutu.

"Mabati ya bani nilinunua mimi," alisema. "Kwa karanga zangu."

"Nani amekataa? Lakini yako juu ya bani langu."

"Bani halina kazi mpaka Februari, Baba Stela."

"Na Februari?"

"Serikali itakuwa imemalizia. Tutayarudisha."

"Yewe! Mwanamke huyu." Akasimama, akakung'uta suruali. "Kwa hiyo nikaushe tumbaku kwa ahadi za mkutano?"

Walinuniana. Stela alikuwa anakula akimwangalia baba, akimwangalia mama, kama mtu anayesubiri matokeo yabandikwe ukutani. Najua Tobia aliwaza nini siku zile, kwa sababu ni kaka yangu na huwa anawaza kwa sauti akidhani yuko peke yake. Aliwaza kwamba kilabuni watu wameanza kumwita Mume wa Fundi. Halafu akawaza namna ya kugeuza jina lile.

Siku ya tatu akaja jikoni, jambo ambalo huwa halifanyi. "Chukua mabati. Na siku ya kuezeka, pombe natoa mimi. Sitaki waseme mke wa Tobia kaezeka kwa uji."

Rustika alifurahi hata akasahau kununa. Mtama wa Tobia aliutwanga yeye. Mtungi wa Tobia aliuosha yeye, akausugua kwa majani mpaka ukang'aa. Mtu wa mjini asingeona kosa lolote hapo, angeona mume amerudisha moyo. Mtu yeyote wa kwetu angepaswa kuliona, na yeye zaidi ya wote. Lakini alikuwa ameona paa.

*

Siku ya kuezeka wanaume wote tulipona. Mgongo ukanyooka, waliofiwa Kaliua wakarudi. Tulipanda juu kama nyani, tukipokezana nyundo na matusi ya mzaha. Akina mama walituinulia mabati kutoka chini. Misumari ile ilizama kwenye mbao kwa mapigo mawili.

Jioni tukakaa. Rustika alipita na kibuyu akimimina maji ya moto kwenye mtungi, wazee wakachomeka mirija. Mzee Reveriani, mwenyekiti wetu, akafuta mdomo, akauliza kama inavyoulizwa siku zote:

"Aliyetuita hapa ni nani?"

"Tobia!" tukaitikia.

"Aliyemimina ni nani?"

"Tobia!"

Yeye akiwa amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya mguu. Kibuyu kilikuwa bado mkononi mwa Rustika.

Kulwa akamnong'oneza, na mnong'ono wa Kulwa tulisikia wote: "Wanampigia makofi aliyekaa?"

"Waache," Rustika alisema. "Alimradi lina paa."

Januari darasa la saba wakaingia. Stela akakaa benchi la mbele, mbele kabisa, kama mtu anayeogopa kushushwa. Rustika akabadilisha njia ya kisimani. Akawa anazunguka nyuma ya shule, njia ndefu, ndoo kichwani, asikie watoto wakisoma kwa pamoja. Alikuwa akifika nyumbani maji yamepungua kwa kusimamasimama, na Tobia akimuuliza hakuwa anamwambia.

Serikali haikumalizia. Februari ikaja, bani halina paa, na Tobia akakaushia tumbaku kwenye bani la Mzee Reveriani. Kila mkupuo alimwachia sehemu ya majani. Akawa anarudi nyumbani amenuna, analitupia jicho bani lake lililo wazi, mvua inaingia ndani kama mgeni aliyekaribishwa.

Mwezi wa tatu upepo ukaezua ghala la chama cha tumbaku.

*

Mkutano ulifanyika palepale shuleni. Marobota ya kijiji kizima yalikuwa chini ya maturubai yanayovuja, na jani likishika ukungu mnunuzi haligusi. Hakuna aliyekuwa anadanganya kuhusu hilo. Mwaka mzima wa watu ulikuwa pale chini, unanyeshewa.

Tobia akasimama. "Mimi niliombwa mabati ya bani langu, nikatoa. Sasa tumbaku yangu ilale wapi?"

"Darasa ni la watoto," Rustika alisema kutoka upande wa wanawake.

"Hatukatai, Mama Stela," alisema Mzee Reveriani kwa upole, ule upole wa mtu aliyeshaamua. "Ila tuulizane kwa desturi. Siku ile aliyemimina ni nani?"

Wanaume wakamgeukia Rustika. Akaitazama mikono yake. Nadhani ndipo alipouona ule mtungi, unavyong'aa.

"Udongo tulikanyaga sisi!" Kulwa akapaza sauti. "Tanuri tulichoma sisi!"

"Mlimimina nini?"

"Uji!"

Wanaume tukacheka. Si kwa ubaya, uji ni kitu cha kuchekesha. Mwalimu Masolwa alipoulizwa alitazama viatu vyake. Naye ana marobota yake, mshahara wa mwalimu mnaujua. Akasema ni wiki mbili tu, mpaka ghala lipate paa, na darasa la saba kwa muda huo watavuka mbuga.

"Mwalimu," Rustika akamwambia, "wewe ulisema ukuta ukisimama hawatavuka."

"Mama, mimi nilizungumzia ukuta."

Madawati yakatolewa, marobota yakaingia. Madirisha yakapigwa mbao unyevu usipite. Wapangaji wa majani wakawekwa humohumo, na kwa kuwa majani hupenda kutoka yakiwa yamefichwa kwapani, karani wa chama akapewa ufunguo. Kazi yake: awafungie asubuhi, awafungulie mchana wapate kula, awafungie tena. Karani mwenyewe ni kijana tu, amemaliza kidato cha nne, alikuwa hana kazi.

Stela alivuka mbuga wiki ya kwanza. Alirudi siku moja maji yamemfika kifuani, madaftari ameyafunga kichwani kwa kitenge. Tobia akasema basi.

Wanawake hawakukaa kimya. Asubuhi moja, wanaume wakiwa mashambani, Rustika na Kulwa na wenzao walikuja na ngazi, wakapanda juu kung'oa mabati yao. Kama darasa si la watoto, basi lisiwe la mtu. Walivuta, wakachokonoa kwa jembe, wakapiga kwa shoka. Kulwa akachubuka kiganja chote. Msumari hata mmoja haukutoka. Mpaka watu wakaja wakawakuta kule juu, wamekaa juu ya bati, wamechoka, na watoto wadogo wa shule wamejaa chini wanawaangalia. Tobia alimwambia mkewe ashuke, anamwaibisha. Alishuka mgongo ukiwa umeelekea watu, akitafuta vipago vya ngazi kwa mguu, na hakuna aliyemshikia ngazi.

"Kwa hiyo Bi Tufaha," nikamwambia, "misumari yako ni kweli. Haing'oki."

*

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikuwa anaangalia mbao za dirisha juu ya kichwa chake.

"Wiki mbili zile," alisema. "Huu si mwezi wa tano?"

"Wanunuzi wamechelewa, bi mkubwa."

"Na Rustika?"

"Hajambo. Siku hizi haongei sana. Haendi ikibiri ya mtu. Kisimani anapita njia fupi."

"Na binti?"

"Stela? Hajambo kabisa. Bado mtoto, mwakani naye ni mwaka."

Akanigeukia. "Wewe ulisema hufichi jina la mtu. Umenitajia kaka yako, mwenyekiti, mwalimu, hata mwanangu na ulimi wake. Huyo karani anaitwa nani?"

Nikaanza kumwambia kwamba karani ametumwa tu, ni mtu mdogo, jina lake halina maana kwenye habari hii. Nilikuwa naendelea vizuri. Ndipo mbao za dirisha zikagongwa kutoka ndani, mara tatu, taratibu.

"Shikamoo, bi mkubwa," sauti ikasema. Ikakohoa, kile kikohozi kikavu cha vumbi la tumbaku. "Anaitwa Ambrosi. Ndiye huyo aliyekupa kiti."

Bi Tufaha akainuka.

"Tumesikia yote tangu mwanzo," Stela akaendelea, na nyuma yake nikasikia wengine wakicheka kwa chini. "Umesimulia vizuri, baba mdogo. Ila mwenye pikipiki ni wewe. Nilikuwepo, nilikuwa nawachotea maji. Na siku ya ngazi hukuwa shambani. Ulikuwa umekaa hapo mlangoni, mama akakuomba umshikie, ukamwambia unalinda kufuli."

"Watoto wa siku hizi," nilimwambia Bi Tufaha, "wana utani sana."

"Baba mdogo, tufungulie basi. Tuna kiu."

Bi Tufaha akanisogelea. Alininyooshea kiganja kitupu, kama anavyowanyooshea wateja pale Ng'ambo. Nikatia mkono mfukoni, na humo ufunguo ukagongana na sarafu, kila mtu anausikia, hata walioko ndani.